Pimbi Anamfuata Chui

Ngano!
Ngano njoo!
Mkiniamini?
Hasara yetu!
Msiponiamini?
Hasara yetu vilevile!

Basi kaeni. Hapo zamani, si zamani sana, wanyama wote walikuwa na simu. Nyingi niliwauzia mimi, na hakuna aliyerudi kulalamika. Ndani ya simu hizo kulikuwa na mtandao wao, unaitwa Mbiu. Unaweka picha yako, mwenzako anabonyeza "Fuata", simu yako inalia ting! Aliyebonyeza anaitwa mfuasi wako. Ndiyo hivyo tu.

Kanga alikuwa na wafuasi tele kwa ajili ya madoadoa yake. Jirani yake Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia anayeishi kwenye nyufa za mawe, hakutaka hata kuusikia mtandao huo.

"Jiunge, jirani," Kanga akasema. "Ufuatwe."

"Nifuatwe? Baba yangu alifuatwa. Hatukumwona tena."

"Ni kwenye simu, jirani."

"Porini anayekufuata anataka kukula. Kwenye simu anataka nini, kukusalimia?"

"Ndiyo."

"Muongo wewe."

Tena Pimbi alikuwa na shida kubwa kuliko picha. Wanawe walikuwa na njaa. Ulikuwa mwaka wa ukame, na chakula kilichobaki ni matunda ya mkuyu mmoja tu. Juu ya mkuyu huo alilala Chui. Chui hali makuyu. Anakula wanaokuja kula makuyu. Aliyekwenda asubuhi hakurudi. Aliyekwenda jioni hakurudi.

Siku moja Chui naye akajiunga na Mbiu. Kanga, kwa mazoea yake ya kubonyezabonyeza, akabonyeza "Fuata". Ting! Chui akaruka chini, puu! Akageuka huku, akageuka kule.

"We Pimbi!" akanguruma kuelekea kwenye mawe. "Simu inasema Kanga ananifuata. Mbona simwoni?"

Pimbi akachungulia kutoka ndani ya ufa wake. Mimi nilikuwepo, nilimwona akichungulia. Kisha akatoa pua.

"Shikamoo, Mzee. Umegeuka?"

"Nimegeuka."

"Basi umemkimbiza. Mfuasi hutembea nyuma, Mzee. Akiuona uso wako anaghairi. Wewe nenda mbele, usigeuke, mpaka wajae. Mkubwa kama wewe utageukia kanga mmoja?"

Chui akalamba midomo, mlap! "Hapana. Wajae."

Akaondoka. Nyata, nyata, nyata.

Pimbi akatoka mbio hadi kwa Kanga. "Niunganishe, jirani! Upesi, hajageuka bado!"

Kanga akamuunganisha. Pimbi akabonyeza. Ting! Chui akasoma: Pimbi ameanza kukufuata. Akavuka kilima.

Pimbi akaenda kwa Digidigi. "Mfuate Chui."

"Mimi? Mimi nimfuate Chui? Nimezaliwa namkimbia!"

"Mfuate ukiwa umekaa."

Digidigi akafikiri, akakaa, akabonyeza. Ting! Chui akasoma, mate chururu, akavuka kilima.

Pimbi akaenda kwa Ngiri.

"Mitandao ni upuuzi," Ngiri akasema.

"Na makuyu?"

Ngiri akabonyeza. Ting! Kilima.

Swala naye, ting! Kilima. Chui shingo inamuuma kwa hamu ya kugeuka, lakini anajiambia, "Bado. Nikigeuka sasa nitamkosa Nyumbu."

Nyumbu hakuombwa. Nyumbu mmoja akiona mwenzake kabonyeza, haulizi ni nini. Wakabonyeza kundi zima. Ting! Ting! Ting-ting-ting-ting! Chui anavuka vilima mbio mbio, mpaka simu ikaishiwa chaji. Zii.

"Wamejaa!" akasema Chui. Akageuka, mdomo wazi: GRAAAA!

Nyuma kulikuwa na nyasi.

Kulikuwa pia na vilima, kimoja baada ya kingine, vyote vinafanana. Mkuyu ulikuwa nyuma ya kimojawapo, hajui kipi. Na simu ya kumuuliza mtu njia ndiyo hiyo, imezima.

Kule mkuyuni makuyu yanaanguka pukupuku. Watoto wa Pimbi wanakula mpaka matumbo yanaburuza chini, na baba yao anawazuia kila tunda kwanza alipige picha.

Ngano imekwisha!
Tuichukue?
Ukweli wake gawaneni. Uongo nirudishieni, ni mali yangu.

Na funzo lake ni hili, mlishike vizuri: kaeni mbali na mitandao. Haijawahi kumshibisha mtu.