Wimbo wa "Sote Tuko"

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni hata nyinyi watu wazima mlioketi nyuma, midomo haikodishwi.

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa kumi na robo alasiri, kengele ya kutoka imekwisha kulia na chungu cha uji kimekwisha kukombwa, palitokea jambo katika Shule ya Bondeni. Kunguru husimulia kwamba ilikuwa Alhamisi asubuhi. Asubuhi Kunguru huwa jalalani. Bata naye hudai kuwa siku hiyo mvua ilinyesha; lakini kwa Bata, siku njema isiyo na mvua haijapata kuumbwa. Tuwaache. Ilikuwa Jumatano, na jua lilikuwa kali.

Katika shule hiyo, masomo yakiisha, watoto wa wanyama walibaki uwanjani kuimba, kucheza ngoma na kuchora. Mwalimu wao alikuwa Kasuku. Kasuku alikuwa na moyo mkubwa, na alipenda watu waujue ukubwa wake. Alitundika mtini kitambaa chenye maandishi ya kijani: WATOTO WOTE WANAKARIBISHWA. Kila aliyepita alisomewa, hata aliyejua kusoma.

"Watoto wote! Watoto wote!" alipaza sauti Kasuku. "Wote kabisa!"

Basi akaja Tunu, binti Kinyonga. Tunu alipenda ngoma kuliko nzi mnono, na kwa kinyonga hilo si jambo dogo. Ila alikuwa na mwendo wake. Anyanyue mguu, autikise, aufikirie, autue. Na usemi wake ulikuwa kama mwendo wake.

"Shi... ka... moo, mwa... li... mu."

Alipomaliza kuamkia, mwalimu alikuwa ameshaondoka.

Wimbo wao ulikuwa mwepesi. Mwalimu huita, watoto huitika, na Shomari, mtoto wa Tumbili, huutia muhuri kwa ngoma.

"Nani yuko?"

"Sote tuko!"

Ti-ndi! Ti-ndi!

"Nani yuko?"

"Sote tuko!"

Ti-ndi! Ti-ndi!

"So... te..." akaanza Tunu.

"Ah, mwanangu," akasema Kasuku kwa upole, ule upole wa mtu anayefunga mlango. "Wimbo umeshapita. Lakini usihuzunike! Hapa hatumwachi mtoto. Nimekupatia kazi kubwa. Wewe utatunza kivuli."

"Ki... vu... li?"

"Kivuli. Kisitoroke."

Tunu akatunza kivuli. Na tusimnyime haki yake: kivuli hakikutoroka. Kilisogea kidogo kidogo, kama ilivyo ada ya vivuli, naye akasogea nacho. Walikuwa sawa kwa mwendo.

Siku zikapita, ikafika ile Jumatano. Wazazi walialikwa kuja kutazama. Kasuku akamwendea Tunu, mabawa yametanda.

"Mwanangu, leo umepanda cheo! Utakaa tawini, kando ya kitambaa, ugeuke kijani kama maandishi. Wazazi waone kwamba nawe umo."

"La... ki... ni..."

"Vema! Nilijua utafurahi," akajibu Kasuku, kwa maana yeye alijua majibu yote kabla hayajatolewa.

Tunu akapanda, akageuka kijani mwili mzima. Nje alikuwa pambo. Ndani alikuwa na wimbo umemjaa mpaka kooni. Hakutaka cheo. Hakutaka tawi. Alitaka kuitika mara moja tu, asikike, ahesabiwe katika hao sote.

"Tazama walivyomweka juu!" akasema Bi Kanga. "Shule hii ina huruma jamani."

"Mimi machozi yananilenga," akasema Bwana Nguruwe, akitafuna muhogo.

Ngoma ikaanza.

"Nani yuko?" akaita Kasuku.

"Sote tuko!"

Shomari akainua mikono. Mara akasikia sauti nyembamba kutoka tawini: "So..."

Mikono ikabaki hewani.

"Shomari! Ngoma!"

"Bado, mwalimu. Hatujamaliza kuitika."

"Wameitika wote!"

"Tumesema sote, mwalimu. Tunu yuko kwenye 'so'."

Wazazi wakacheka, kwi kwi kwi!

"Atamaliza leo," akauliza Bi Kanga, "au tukalete mikeka tulale?"

"Nani yuko?" akapiga kelele Kasuku, manyoya yamemsimama. "Nani yuko? Nani yuko?"

Hakuitika mtoto hata mmoja. Swali lile lilikuwa bado linajibiwa.

"...te..."

Bwana Nguruwe akaacha kutafuna.

"...tu..."

Bi Kanga, aliyekuwa akicheka, akajikuta amenyoosha shingo.

"...ko!"

TI-NDI!

Lo! Ngoma iliyongojewa haifanani na ngoma iliyoharakishwa. Ilishuka na kishindo chake chote. Watoto wakaruka, vumbi likatimka, na miguu ya wazazi ikakanyaga kabla haijaomba ruhusa kwa wenyewe. Shomari akaita tena. Wakaitika tena. Wakangoja tena. Na kila walipongoja, Tunu alishuka hatua moja. Kijani kikamtoka, akawa manjano, akawa mwekundu kama pilipili. Alipotua chini, watoto wakaachana mikono, wakampisha, wakaifunga duara naye akiwa ndani yake.

Hapo Kasuku akarukia jiwe.

"Wazazi watukufu! Huko kungoja mlikokusikia ni mbinu yangu! Nimeibuni mimi!"

Wakampigia makofi, maana makofi hayana macho. Kisha akainama kwa Tunu, akanong'ona:

"Mwanangu, rudi tawini. Kitambaa kimebaki peke yake, hakipendezi."

Shomari akainua mikono juu ya ngoma. Uwanja ukatulia.

"Si..." akaanza Tunu.

"Sipingi?" akadakia Kasuku. "Sina neno?"

"Ssss!" wakamkemea watoto.

"...ta..."

Kasuku akameza mate.

"...ki."

TI-NDI!

Mpaka leo Kasuku hueleza kwamba Tunu alisema "sina shaka." Sivyo. Alisema "sitaki." Shule nzima ilisikia, kwa kuwa shule nzima ilingoja.

Na funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: kumwita mtoto mchezoni kisha kumpa kivuli akitunze, huko si kumkaribisha. Na asemaye "sote" hana budi kungoja mpaka wa mwisho aitike.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia amsimulie aliyechelewa, na aliyechelewa asubiriwe.