Vibuyu vya Habari vya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walipika, wakafua na kuanika nguo kama sisi, Bwana Kiboko alilimiliki bwawa pekee lisilokauka kiangazi. Hakutoza kitu. Alitaka habari tu.

"Unalala wapi? Unaumwa nini? Unamwogopa nani?"

Ukimjibu, alilinong'ona jibu lako ndani ya kibuyu, akakiziba, pa! Ndipo uliporuhusiwa kuteka maji.

Siku moja Mama Paa alifika mbio, anahema hah! hah! Mwanawe alikuwa na sikio limechanika, damu zinamtiririka.

"Bwana Kiboko! Chui amejuaje kwamba mwanangu namficha nyuma ya kichuguu? Nilikuambia wewe peke yako!"

"Nimemwambia mimi. Kaniletea matikiti matatu."

"Lakini habari ile ni yangu!"

"Ilikuwa yako," alisema Kiboko akitafuna, kwachu kwachu. "Ukishampa mtu kuku, utarudi kumdai mayai? Sasa ni yangu."

Wanyama waliokuja kuteka walitazamana, wakaendelea kungoja zamu zao. Kiu ni kiu, na Kiboko ni Kiboko.

Bi Kindi alichana upindo wa kanga yake, akamfunga mtoto sikio. Moyo ulimchemka Kindi.

Kesho yake akaenda bwawani.

"Hodi, Bwana Kiboko! Leo nina habari nono."

"Lete, lete!"

"Juzi Mama Simba alianika chungu chake kipya. Mimi nikaruka kutoka paani, kacha! Vipande vipande. Mpaka leo hajui nani kakivunja."

Kiboko alicheka hadi maji yakamwagika ukingoni. Akanong'ona kibuyuni, akaziba, pa!

Kindi alikwenda moja kwa moja kwa Mama Simba. "Shikamoo, mama. Habari ya chungu chako iko kwa Kiboko. Njoo uisikie kwa masikio yako."

Mama Simba akaja, akajibanza kwenye matete. Wanyama wengine walikuwa wamepanga foleni ya maji.

"Bwana Kiboko," Kindi alianza, "nimejuta. Nirudishie habari yangu ya chungu."

"Ng'o!"

"Jamani, si yangu?"

"Si yako! Ya chungu ni yangu! Kila kilichomo humu ni changu!"

"Unasema hivyo mbele ya hadhara?"

"Mbele ya dunia nzima!"

Ngurrr! Mama Simba akajitokeza. "Kumbe ni yako, Kiboko! Basi na kosa la kuvunja chungu changu ni lako. Mwenye boga ndiye mwenye ua lake. Toka majini tuongee."

Kiboko akarudi nyuma, matikiti yakamtoka mdomoni. "La, mama! La! Sikuvunja mimi! Habari hiyo ni ya Kindi!"

"Na ya mwanangu je?" Mama Paa aliuliza.

"Ni yako! Kila habari na mwenyewe! Mimi nilishikishwa tu!"

"Mmesikia?" Kindi akageuka.

"Tumesikia!" foleni nzima ikaitikia.

"Basi aliyeshikishwa hagawi. Vibuyu tutavichukua, Bwana Kiboko, lakini maneno yamebaki kichwani mwako. Huo mdomo ufunge."

Kisha Kindi akapiga magoti. "Mama Simba, habari ni yangu, na kosa ni langu. Nisamehe."

Mama Simba alikitazama kile kiumbe, kidogo kuliko unyayo wake, akaangua kicheko. "Utanifinyangia kingine."

Kindi alifinyanga siku nne. Chungu kikatoka kimepinda ubavu, na Mama Simba akakipikia hivyo hivyo.

Bwawani wanyama wakateka maji bila kuhojiwa. Na Mama Paa? Alimhamishia mwanawe mahali pengine salama, akalala usingizi mzito. Ni wapi? Hata mimi sijui, wala sikumuuliza.

Habari ya mtu uliyoambiwa si mali yako, ni amana.