Fimbo Zilizobaki na Nailoni

Wapendwa, kabla hatujasoma, niwaeleze habari ya mzee mmoja. Mimi mpaka leo ananishangaza.

Mzee huyu alikuwa mstaafu, magoti yamechoka, lakini ameapa lazima apande mlima kabla ya harusi ya binti yake. Harusi yenyewe ni Jumamosi, na yeye ndiye wa kumshika binti mkono hadi madhabahuni. Binti akaogopa. Akamnunulia fimbo mbili za kupandia mlima, zile nyepesi zinazorefushwa na kufupishwa.

Mzee akazipenda kupita kiasi. Mnatujua sisi na kitu kipya: rimoti ndani ya nailoni, kochi ndani ya nailoni, miaka inapita tunakalia nailoni. Mnacheka? Subirini. Akazifunga nyuma ya begi na nailoni yake, akapanda hivyo hivyo, akafika.

Wakati wa kushuka, kijana aliyekuwa kiongozi wake wa mlimani akasimama. "Mzee wangu, sasa toa fimbo. Kupanda huwa tunazifupisha, kushuka tunazirefusha. Tanguliza fimbo, ndipo mguu ufuate, uzito usiishie wote magotini."

"Hizi?" mzee akashtuka. "Kijana, huyaoni haya mawe? Zitakwaruzika! Nitazitoa tukifika kwenye njia nzuri."

Hebu niambieni, kwenye njia nzuri fimbo ni ya nini?

Hatua ishirini hazikufika. Goti likakataa, mzee akabingirika hadi korongoni. Kiongozi akateremka mbio, akakuta mguu umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Na jamani, mnajua neno la kwanza lililomtoka mzee? Hakulia nakufa. Hakumwita hata Mungu. Alisema, "Angalia fimbo. Zimepona?"

Zilikuwa zimepona. Hata nailoni haikuchanika.

Jumamosi binti aliingia kanisani akisukuma kiti cha magurudumu, shela inaburuzika nyuma. Walipofika mbele akamwinamia. "Baba, ulidhani nilinunua fimbo? Nilikuwa nanunua magoti yako."

 

Na sisi je? Wiki iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja, sitaitaja, ni ya watu wa humu humu. Ndoa imefika pabaya, vyombo vimevunjwa, watoto wamejificha chumbani. Nikaomba Biblia nisome. Ikatolewa kabatini, zawadi yao ya harusi, miaka kumi na moja. Naifungua, kurasa bado zimegandana! Wapendwa, nilisimama pale mdomo wazi, mchungaji mzima.

Tunaiheshimu zawadi ya Mungu mpaka hatuigusi, tunangoja njia nzuri, na mteremko hautungoji. Neno alilotupa limepona. Sisi ndio tumevunjika.

Simameni. Leo sitaanza na wimbo. Kila mwenye Biblia ya zipu, naomba niisikie ikifunguka.