Uso wa Bibi Asunta

"Mfuta doa amuulize mwenye uso." Ndivyo mzee wa kitongoji alivyowaambia leo asubuhi, mlipokuwa mnafyeka makaburini na mmoja wenu akang'oa kichaka alichodhani ni gugu, kumbe ndicho alama ya kaburi la watu. Mkatazamana. Sasa mmekuja kuniuliza mimi kwa sababu mmeambiwa nilikuwapo methali hiyo ilipozaliwa. Ni kweli nilikuwapo, tena kwa aibu yangu. Kaeni hapo kwenye benchi, ila msiguse hizo nguo, zina pini. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Newala, mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu, palikuwa na studio ya picha ya bwana mmoja aitwaye Fulgensi Liyumba. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mpole kupita kiasi. Kwa miaka mingi alipiga picha za pasipoti na za kipaimara kwa kamera ndogo ya zamani, na hakuna aliyelalamika. Kisha wapiga picha wa Masasi wakaanza kuja huku kwenye harusi na kamera zao kubwa kubwa, naye akashikwa na wasiwasi kwamba amepitwa na wakati. Akauza korosho za msimu mzima ili anunue vifaa vipya. Lakini vifaa gani?

Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka. Binamu yake wa Dar es Salaam alimwambia kamera ndiyo kila kitu, lenzi utapata yoyote. Mpiga picha mmoja wa harusi akamwambia kamera ni sanduku tu, tafuta lenzi. Mwalimu wa sekondari akamwambia asihangaike na hayo yote, picha ni taa. Fulgensi aliwaamini wote watatu. Alikuja dukani kwangu na karatasi mkononi, ananiuliza mimi fundi cherehani tofauti ya milimita hamsini na milimita mia tatu. Nikamwambia, kwangu mimi milimita hamsini ni upindo mpana wa sketi. Akaandika!

Mwisho akanunua kamera kubwa pamoja na lenzi ndefu kama mchi. Kumbe lenzi ile ni ya kupigia picha wachezaji wa mpira kutoka mbali. Mteja akikaa kwenye kiti, kinachoonekana ni pua peke yake. Ikambidi Fulgensi avuke barabara, asimame mbele ya duka la mbolea na kumpigia kelele mteja aliye ndani ya studio, "Inua kidevu!" huku mbuzi wakipita katikati. Sisi majirani tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea njia.

Baadaye akaibadilisha lenzi ile kwa nyingine fupi, akaongeza taa kali yenye mwavuli mweupe, akapata kompyuta ya mtumba. Akadhani sasa amefika. Akaambiwa bado, picha siku hizi hazitoki hivi hivi, lazima zipitishwe kwenye programu ya kuzirekebisha, na zipo za bure. Msifikiri cha bure hakichoshi. Programu ya kwanza ilipiga jina lake yenyewe, kubwa, kifuani kwa kila mteja. Ya pili ilikuwa na maandishi ambayo hata padre hakuyajua, Fulgensi akawa anabonyeza kwa kubahatisha, na maharusi wawili wakatoka wa kijani. Ya tatu ilikuwa na kitufe kimoja chenye alama ya nyota. Ukibonyeza, uso wote unalainika: chunusi hakuna, mikunjo hakuna, kovu hakuna. Hiyo ndiyo aliyoishika, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoielewa.

Sasa ndio aje Bibi Asunta.

Bibi Asunta aliishi kule chini karibu na ukingo wa mlima, mahali unapoweza kuiona Ruvuma. Alizaliwa ng'ambo, Msumbiji. Wakati wa vita vya Mreno alivuka mto na mjomba wake akiwa msichana aliyetoka unyagoni juzi tu. Mama yake na mdogo wake mchanga walikuwa nyuma katika kundi jingine, na hawakuonekana tena. Mjomba alitafuta mpaka akafa. Asunta akaolewa huku, akazaa, akazika mume, na moyoni alikuwa amekwisha kumzika mama yake pia. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa vitenge, aliyekuwa akivuka mto kila mwezi, akaleta habari kwamba upande wa Nangade, huko ng'ambo, yupo mama kikongwe, mgonjwa, anayemtaja binti aitwaye Asunta kila akiamka. Majina yalilingana. Lakini kikongwe yule alikuwa ameshaletewa Asunta wawili wa uongo, waliotaka shamba. Safari hii alisema haji mtu kwake mpaka aone picha kwanza.

Bibi Asunta alikuja studio amevaa kitenge kipya. Nilikuwapo, nilimfunga kilemba mimi mwenyewe. Fulgensi akawasha taa yake ya mwavuli, ikamwagika usoni mwa bibi mzima mzima, akapiga. Akamwonyesha kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Bibi alikodoa macho akasema, "Nimeona mtu, mwanangu. Kama ndiye mimi, mpeleke." Akaenda zake.

Nataka mnisikilize vizuri hapa. Fulgensi aliniita nikaangalie picha kwenye kompyuta. Bibi Asunta alikuwa na nembo, zile chale za usoni walizochanjwa mabinti wa Kimakonde wa zamani, mistari shavuni na kidevuni. Ninyi mmeziona kwa wazee wachache waliobaki. Machoni pangu zilikaa kama uchafu kwenye picha nzuri. Nikasema, "Msafishe kidogo bwana, picha ya kwenda nchi za watu hiyo." Ndiyo, mimi. Fulgensi akabonyeza nyota, na picha ikatumwa kwa simu ya yule mfanyabiashara, ili akifika kijijini kwao awaonyeshe.

Baada ya wiki mbili jibu likaja: "Hatumtambui."

Tukashangaa. Bibi Asunta alipoambiwa alianza kutaja vitu kwa sauti, jina la kisima, jina la mbwa wao, kana kwamba anajihakikishia mwenyewe. Vyote vilipelekwa, na ng'ambo walikubali kisima, walikubali mbwa. Lakini wakasema hata wale wa uongo walijua kisima. Sasa huyu ni nani, kama si yeye? Bibi akaanza kujitilia shaka. Aliniuliza siku moja, "Skola, mtu anaweza kukosea mama yake ni nani?"

Fulgensi naye aliamini kosa ni la vifaa. Picha haikuwa safi ya kutosha! Akarudi kwa washauri wake. Binamu akalaumu lenzi, yule wa harusi akalaumu kamera, mwalimu akasema ongeza taa. Akaazima lenzi, akaongeza taa ya pili, akampiga bibi picha upya, akabonyeza nyota mara mbili ili kazi itulie. Picha ikatoka laini kama yai. Akaituma kwa fahari.

Safari hii jibu lilikuwa la yule kikongwe mwenyewe: "Msinichezee. Mtu huyu hana uso wa kwetu. Nami nguvu zinaniishia."

Uso wa kwetu ni upi? Tuligeuza maneno hayo huku na huku. Mwingine akasema labda ni unene, mwingine akasema ni uzee, mtu akizeeka humsahau hata mwanawe. Fulgensi akaichapa ile picha kwenye karatasi kubwa, akampelekea bibi nyumbani ili amwonyeshe kwamba kazi yake haina kasoro. Nilimfuata.

Bibi Asunta aliishika karatasi kwa mikono miwili. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?" Akapitisha kidole shavuni kwenye karatasi, kisha shavuni kwake. "Nembo zangu ziko wapi?"

"Programu iliona ni madoa, mama, ikayatoa. Watu wengi hupenda."

"Nani aliiambia ni madoa?"

Fulgensi akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Mwanangu, uone huu mstari." Akaelekeza shavu la kushoto, mahali ambapo chale moja ilikwenda sawa halafu ikapinda ghafla kuelekea sikioni. "Siku ya kuchanjwa, mama ndiye aliyenipakata kichwa. Nikatikisika kwa maumivu, kisu kikateleza. Fundi wa chale akanitukana, mama akacheka, akasema, 'Vizuri, sasa huyu hatanipotea.' Picha mbili mmepeleka, na mstari huu hamkuupeleka. Mliniuliza?"

"Hatukukuuliza," Fulgensi akasema.

"Basi nipige sasa hivi. Nilivyo."

Alikimbia, nasema alikimbia, mtu mzima yule, mpaka studio na kurudi. Hakuleta ile kamera kubwa wala mwavuli. Alileta kamera ndogo ya zamani. Akamweka bibi mlangoni, jua la asubuhi likimpiga ubavuni, na kila mstari ukasimama kwenye uso wake. Ule uliopinda ulionekana hata kwa mimi nisiyevaa miwani. Hakugusa programu yoyote. Akaituma hapo hapo.

Tukangoja siku tisa. Siku ya kumi simu ikaita, ikawa ni Felizarda, yule mdogo aliyeachwa mchanga, sasa naye ni bibi. Ilikuwa mara ya kwanza ndugu hao kusikiana sauti. Felizarda alilia kwanza, ndipo akasema.

"Dada, ni wewe. Nimeuona mstari, mama alinisimulia tangu utoto. Lakini mama tumemzika. Picha imefika siku ya pili baada ya maziko. Alikuwa akiuliza, 'Wameleta nyingine?' Tukamwambia bado."

Bibi Asunta hakupiga ukelele. Aliishika simu hata baada ya kukatika, mkono mwingine uko shavuni.

Tulikaa matanga hapa hapa, msiba wa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Siku ya tatu Fulgensi alikuja, akapiga magoti mbele ya mkeka wa bibi. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikapiga magoti pia, kwa sababu kosa lilianzia mdomoni mwangu. Watu wote wakasogea kusikia bibi atasema nini. Wengine walitegemea laana.

Alimwekea Fulgensi mkono kichwani.

"Sina kinyongo nawe, mwanangu. Wala nawe, Skola. Mlinitakia mema, najua. Ila mama yangu aliniangalia mara mbili usoni, na mara mbili akanikana, na amekwenda hivyo." Akaongeza, "Siku nyingine, mfuta doa amuulize mwenye uso."