Kijiko cha Machungwa ya Sukari

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shangazi Mwanakombo alitamka hivyo tulipokuwa tukichagua mchele, baada ya simu kuleta habari kwamba wageni watatu wako njiani. Mimi na dada yangu Kibibi tukanuna.

"Apone nini, Shangazi?" Kibibi aliuliza. "Si mwenyeji ndiye anayechoka?"

Shangazi akacheka. "Wazee waliisema kabla yangu. Lakini kwangu mimi, methali hii ilianza hivi." Akatusimulia:

Nilikwenda Ugiriki kumtembelea Despina, rafiki yangu aliyezaliwa Tanga, baba yake akilima mkonge. Sasa anaishi Nafplio, mji wa kale wenye ngome mlimani. Ngazi za kupandia wanasema ni elfu kasoro moja. Nilihesabu mia tatu, magoti yakakataa. Siku ya pili akanipeleka vijiji vya pwani, tukabisha kwa shangazi yake mjane, Bi Fotini.

Tulimkuta akifagia ua. Alifagia hadi kwenye mlimau, akakomea hapo. Ng'ambo ya mlimau ilikuwa nyumba ya dada yake, Bi Argyro. Ulikuwa mwaka wa tisa hawasemezani, tangu Fotini alipomwambia mbele ya waombolezaji kwamba hakumuuguza mama yao ipasavyo.

Huko mgeni haambiwi karibu kwa maneno matupu. Huletewa kijiko cha maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, na maji baridi. Bi Fotini alifungua kabati, akatoa chupa. Tupu. Nikaona haya kwa niaba yake, nikasema kama tusemavyo kwetu, "Usijisumbue, mama, nimeshiba."

Despina alipomfasiria, nikajua nimeharibu.

"Ameshiba nini, naye hajanywa hata maji?" Bi Fotini aling'aka. "Arudi Afrika akaseme nyumba yangu haina kitu?"

Akachukua kisahani, akaupita mlimau. Tukamfuata mpaka kwenye mti, Despina akinifasiria kwa kunong'ona.

"Argyro! Nina mgeni."

"Namwona. Kwani macho yangu ya kuazima?"

"Sina cha kumwonjesha."

Bi Argyro akatoka ndani na chupa iliyojaa pomoni. "Haya alinifundisha mama. Wewe ulikuwa bingwa wa kuunguza sufuria."

Nilitarajia ugomvi. Lakini Bi Fotini hakuipokea chupa.

"Argyro," alisema, "ulimuuguza mama vizuri. Nilijua siku ileile. Nilisema vile kwa uchungu, nikaona haya kurudi."

Bi Argyro aliweka chupa chini, akamshika mkono wenye kisahani, asiuachie. Kijiko changu kilichelewa sana siku hiyo, wanangu, wala sikudai.

Shangazi akarudi kuchagua mchele. Kibibi alichota vibaba viwili zaidi vya mchele, akavimimina kwenye ungo.

"Mgeni njoo," akasema taratibu, "mwenyeji apone."