Supu ya Mganga Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana na kununiana kama sisi, alikuwako Mzee Mbogo, jirani yake Nguchiro. Uzeeni nguvu za kiume zilimwishia. Mkewe hakulalamika, lakini yeye aliona haya hata kumtazama usoni.

Ndipo akaja Fisi na mifuko ya unga mweusi.

"Wazee mlioshindwa chumbani, njooni!" alinadi sokoni. "Kijiko kimoja tu, unakuwa kijana!"

Mzee Mbogo alinunua kwa siri, akanywa. Moyo ukamdunda, du! du! du! Macho yakamtoka, akaanguka mlangoni, puu!

Nguchiro alimkuta Bi Mbogo akimpepea mumewe huku akilia.

"Bibi, mzee ana nini?"

"Kanywa unga wa Fisi! Mimi nilimwambia lini kwamba hanitoshi? Lini?"

Damu ikamchemka Nguchiro. Mbio mpaka sokoni.

"Mganga, dawa yako imemwangusha mzee wangu!"

"Hi-hi-hii! Alikunywa kidogo huyo. Azidishe!"

Azidishe! Nguchiro akameza hasira, kisha akatabasamu. "Basi karibu kwangu, mganga. Nimepika supu ya mifupa."

Kusikia mifupa, Fisi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Majirani wote walialikwa, wakajaa uani. Fisi akanywa, fyuu! fyuu! Akalamba na bakuli.

"Imekolea?"

"Tamu mno!"

"Nimekutilia na unga wako, mfuko mzima wa Mzee Mbogo."

Bakuli likaruka huko. "Uwii! Umeniua! Unga ule ni sumu, unapasua moyo! Maziwa, jamani, nipeni maziwa nitapike!"

Tembo, aliyeficha mfuko wake nyuma ya sikio, akautoa taratibu akautupa chini.

Bi Mbogo alimsogelea Fisi. "Kumbe ulijua! Ukawauzia wazee wetu sumu, kwa kuwa ulijua wataona haya kukushtaki!"

"Tulia, mganga," akasema Nguchiro. "Supu ilikuwa mifupa na chumvi tu."

Fisi alitimka, mkia katikati ya miguu, wazee wakimfukuza kwa pembe na mateke. Mzee Mbogo alipopata nafuu, mkewe alimshika mkono wakaenda pamoja kwa tabibu Korongo, mchana kweupe, na watu wakiwaona.

Basi ninyi mtakaozeeka sikieni: mwili ukichoka semeni na wenzenu, msimpe tapeli aibu yenu aifanyie biashara.