Ndege ya Vita ya Mgongoni mwa Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Sema tusikie!
— Pakawa mgongo, ukawa uwanja wa ndege!

Kiboko alikuwa mkubwa, na tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Kila jioni alipanda ukingoni mwa ziwa, akala mpunga wa Ndezi, yule mnyama mdogo wa kwenye matete. Jana jaruba moja, leo jaruba moja, kesho jaruba moja. Ndezi akatazama majaruba yaliyobaki, akatazama wanawe, akaiona njaa inakuja. Mpunga ulikuwa umeiva, lakini kuvuna kunataka siku tatu. Siku tatu Kiboko asile!

Akaenda majini.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeleta mpunga?"

"Nimeleta pole. Nimemwona Kwazi, ndege mla samaki, akikudondoshea magamba kichwani. Mbele za watu!"

Kiboko akafura. "Yule ana mabawa! Mimi nina nini?"

"Una mgongo. Meli za vita hubeba ndege, nawe ni meli. Nitakuundia ndege iruke mgongoni mwako, imtwange Kwazi, itue mgongoni mwako."

"Iunde leo!"

Ndezi akaiunda kwa matete, mabawa akayafanya ya majani ya mgomba, mkiani akaweka ndoano ya mwiba. Kamba akaifunga kwa Kiboko, sikio hadi sikio, ili ndege ikitua, ndoano inase hapo. Rubani akawa Panzi.

Siku ya kwanza: vuuu... chubwi!

"Ndege mbovu!"

"Ndege nzima, Bwana Mkubwa. Uwanja una kilima. Ni tumbo hilo. Usile."

Kiboko hakula. Ukingoni, wana wa Ndezi na mundu: fya, fya, fya.

Siku ya pili: vuuu... chubwi!

"Uwanja haukuelekea upepo. Upepo ukigeuka, nawe geuka. Usiondoke majini!"

Kiboko akageuka, akageuka, kutwa nzima. Ukingoni: fya, fya, fya.

Siku ya tatu akauliza, "Kelele gani zile?"

"Mafundi, Bwana Mkubwa. Wanakata majani ya ndege ya pili."

"Wanazembea! Waambie waongeze bidii!"

"Jamani, ongezeni bidii! Bwana Mkubwa amesema!"

Fya-fya-fya-fya!

Jioni, Ndezi mwenyewe hakuamini: vuuu... ndege ikaruka! Ikampita Kwazi, Kwazi akacheka hadi samaki akamponyoka. Ikarudi, ikashuka, ndoano ikanasa kamba, na masikio yote mawili yakavutwa nyuma.

"Mama yangu weee!"

Kiboko akapiga mbizi. Panzi akaruka pembeni. Ndege ikazama.

Kiboko alipoibuka, alipanda ukingoni na njaa yake ya siku tatu. Mabua matupu.

"Mpunga wangu uko wapi?"

Sauti ikatoka ndani ya matete: "Majaribio yamefaulu, Bwana Mkubwa! Ndege imeruka, ndege imetua. Meli ndiyo iliyozama."

Funzo, wapenzi: subira huvuta heri. Kiboko alisubiri, akavutwa masikio. Hadi leo yanatikisika, yanatafuta upepo. Nawe ukiambiwa usile, usile. Wenzio wana kazi.

Hadithi imeruka, hadithi imetua. Kamba naifungua, kila mtu ashike sikio lake.